Bakteria wa Utumbo na Sepsisi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mgonjwa anapolazwa mahututi kwa maambukizi makali, ndugu zake huuliza habari za moyo, mapafu na figo. Ni nadra mtu kuuliza habari za utumbo, labda kwa sababu ni kiungo kisichotajwa sana mbele za watu. Hata hivyo, kwa muda wa miaka arobaini sasa watafiti wamekuwa wakirudi kwenye kiungo hicho kila wanapojaribu kueleza kwa nini wagonjwa wawili wenye maambukizi yaleyale, waliopewa dawa zilezile, mmoja hupona na mwingine hufa.

Sepsisi ni nini hasa? Je, ndiyo ile inayoitwa "sumu kwenye damu"?

Ndiyo hiyo, ingawa jina hilo linapotosha kidogo. Tangu mwaka 2016 wataalamu wamekubaliana kuita sepsisi ile hali ambayo mwili, katika kupambana na maambukizi, hupoteza mizani na kuanza kuviumiza viungo vyake wenyewe, hadi uhai ukawa hatarini. Maambukizi yanaweza kuwa kwenye mapafu, njia ya mkojo, kidonda, mfuko wa uzazi baada ya kujifungua, au ndani ya tumbo. Na inawezekana kabisa bakteria wasionekane kwenye damu, lakini mgonjwa akawa na sepsisi. Mara nyingi chanzo ni bakteria, ila virusi, fangasi na vimelea vya malaria huweza kuleta hali hiyohiyo.

Makadirio ya dunia kwa mwaka 2017 yalikuwa wagonjwa milioni 48.9 na vifo milioni 11, yaani karibu kifo kimoja kati ya kila vitano. Wagonjwa zaidi ya milioni 20 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, na sehemu kubwa ya mzigo huo iko katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Mtu mwenye maambukizi akianza kupumua harakaharaka, kuchanganyikiwa, kupata mkojo kidogo, kuwa na ngozi baridi yenye mabaka, au mtoto mchanga akikataa kunyonya na kulegea, basi acha kusoma ukurasa huu umpeleke hospitali.

Bakteria wa utumboni wanaingiaje katika habari hii?

Kwa milango miwili inayopingana. Wao ni walinzi, na wao pia ni hifadhi ya maadui. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yanasema mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, wenye uzito wa gramu 200 hivi, walio wengi wakiwa kwenye utumbo mpana. (Ile hesabu ya zamani kwamba ni mara kumi ya seli zetu imekwisha kuachwa, idadi hizo mbili zinakaribiana.) Walio wengi kati yao hawawezi kuishi penye oksijeni, hawana haja ya kutoka walipo, na kazi yao kubwa ni kuchachusha nyuzinyuzi za chakula tusizoweza kuzimeng'enya wenyewe.

Pembeni mwao, kwa idadi ndogo, wanaishi wengine kama *Escherichia coli*, *Klebsiella* na *Enterococcus*. Mtu akiwa mzima hawamsumbui. Wakipata nafasi ya kuongezeka na upenyo wa kutoka, hao ndio ambao maabara hukuta majina yao mara kwa mara kwenye damu ya mgonjwa wa sepsisi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kimo ndani zaidi ya nguo.

Ulinzi huo unafanyaje kazi?

Kwanza ni suala la nafasi na chakula. Utumbo uliojaa wenyeji hauna kiti cha mgeni: sukari zimekwisha kuliwa, oksijeni imekwisha kutumika, na asidi zinazozalishwa humfanya mgeni ashindwe kuzaliana. Majaribio ya panya yaliyofanyika Marekani katika miaka ya 1950 na 1960 yalionyesha jambo hili kwa namna ambayo bado inashangaza. Panya wa kawaida alihitaji kumezeshwa takriban *Salmonella* 100,000 ndipo aambukizwe. Panya aliyepewa dozi moja ya antibiotiki iitwayo streptomisini aliambukizwa kwa bakteria wasiozidi kumi. Kilichobadilika ni hali ya utumbo aliofikia adui, maana adui mwenyewe alikuwa yuleyule.

Pili ni ukuta wenyewe. Mtu akitazama kipande cha utumbo mpana kwenye hadubini ataona mstari mmoja tu wa seli, zimesimama bega kwa bega kama vigingi vya ua, na juu yake ute wa tabaka mbili: la nje limejaa bakteria, la ndani limeshikana na halina karibu bakteria yeyote. Seli hizo hubadilishwa zote kila baada ya siku chache. Chakula chao kikuu hakitoki kwenye damu bali kwa bakteria, nacho ni butireti, asidi inayopatikana nyuzinyuzi zinapochachushwa. Kwa hiyo wenyeji wakifa, ukuta nao hukosa posho.

Tatu, vipande vidogo vya bakteria hawa hupenya kidogokidogo na kuufanya mfumo wa kinga ukae macho hata mbali na tumbo. Panya waliopukutishiwa bakteria wa utumbo kwa antibiotiki walishindwa zaidi na nimonia kuliko wenzao, ingawa ugonjwa ulikuwa kifuani.

Mtu akiwa mahututi, utumbo wake unapatwa na nini?

Unapatwa na mengi kwa wakati mmoja, na ndiyo maana ni vigumu kusema lipi lilitangulia. Shinikizo la damu likishuka, mwili hupeleka damu kwenye ubongo na moyo, na utumbo huachwa na njaa ya oksijeni. Damu inaporudi baadaye hutokea uharibifu mwingine. Utumbo huacha kusukuma, hasa mgonjwa akipewa dawa za maumivu za jamii ya mofini, na yaliyomo hutuama. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo, ambazo hutolewa ili kuzuia vidonda kutokwa damu, huondoa kizuizi cha kwanza kwa bakteria wanaoingia kwa mdomo. Chakula hukatizwa. Juu ya yote hayo huja antibiotiki, tena zenye nguvu na za kuua bakteria wa aina nyingi.

Matokeo yake ni kwamba katika siku chache jamii ya mamia ya aina huweza kupungua hadi ikatawaliwa na aina moja au mbili. Anayefaulu katika mazingira hayo ni yule anayestahimili oksijeni na dawa, kwa maneno mengine ni yuleyule ambaye hospitali haimtaki.

Je, ni kweli kwamba utumbo ndio "injini" ya kufeli kwa viungo?

Fananisho hilo lilipata umaarufu mwaka 1986, madaktari wa upasuaji walipoandika kuhusu wagonjwa ambao viungo vyao vilifeli kimoja baada ya kingine bila chanzo cha maambukizi kuonekana. Wazo la awali lilikuwa rahisi: ukuta unavuja, bakteria wanaingia kwenye damu, viungo vinafeli. Lilipopimwa kwa binadamu halikusimama lote, kwa sababu damu iliyochukuliwa kwenye mshipa unaotoka utumboni kwenda kwenye ini mara nyingi haikuwa na bakteria.

Toleo la pili likasema njia si damu bali limfu. Majimaji ya limfu kutoka utumboni hukwepa ini na kumwagwa kwenye mzunguko wa damu karibu na moyo, kisha kiungo cha kwanza yanachokutana nacho ni mapafu. Na kinachodhuru si lazima kiwe bakteria hai, huweza kuwa sumu za seli za utumbo zilizojeruhiwa. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walikuta chembe za urithi za bakteria wa utumbo kwenye mapafu ya panya wenye sepsisi na ya wagonjwa wenye mapafu yaliyojaa maji kwa sababu ya uvimbe. Kwa maoni yangu, neno "injini" linadai makubwa mno. Utumbo unaonekana zaidi kuwa kiungo kinachoumizwa na sepsisi na ambacho, kikishaumizwa, huongeza moto.

Maabara hujuaje kuwa bakteria wa kwenye damu walitoka utumboni?

Damu ya mgonjwa huchukuliwa kwa uangalifu, ngozi ikiwa imesafishwa, na kutiwa kwenye chupa yenye supu ya kuoteshea bakteria. Chupa hukaa kwenye joto kama la mwili kwa siku zisizozidi tano kwa kawaida. Katika mashine nyingi, kitako cha chupa hubadilika rangi kadiri hewa ya ukaa inavyoongezeka, kwani bakteria wanaozaliana hupumua. Mashine hulia, na mtaalamu huchota tone, hulipaka kwenye kioo na kulitazama. Hatua hii humpa umbo na kundi la bakteria, na akiwaotesha na kuwapima zaidi hupata jina lao na dawa zinazowaua. Haya yote hayampi asili yao.

Kujua asili hutakiwa kusoma mpangilio wa vinasaba vya bakteria wa kwenye damu na kuulinganisha na wa kwenye choo cha mgonjwa huyohuyo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014 ulifanya hivyo kwa watoto njiti ambao choo chao kilikuwa kimehifadhiwa kabla hawajaugua. Kati ya watoto 11 waliopata sepsisi, saba walikuwa na bakteria wa damu walioonekana kwenye choo chao siku za nyuma. Kwa wagonjwa wa saratani waliopandikizwa chembe za uboho, utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa *Enterococcus* akitawala utumbo, hatari ya kuingia kwenye damu akiwa sugu kwa antibiotiki iitwayo vankomisini huongezeka mara tisa.

Kama antibiotiki zinaua walinzi, si afadhali kuzipunguza kwa mgonjwa wa sepsisi?

Hapana, si mwanzoni. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 unataka mgonjwa mwenye sepsisi na shinikizo la damu lililoporomoka apate antibiotiki ndani ya saa moja. Hakuna jambo lolote katika ukurasa huu linalopunguza uzito wa saa hiyo moja. Mtu anayekataa dawa ya mishipani kwa sababu amesikia kwamba inaharibu bakteria wazuri anabadilisha uhai kwa jambo linaloweza kurekebishwa baadaye.

Swali la maana huja siku ya pili na ya tatu: majibu ya maabara yakitoka, je, dawa inaweza kubadilishwa iwe ile inayomlenga adui peke yake? Je, siku saba zinatosha badala ya kumi na nne? Na je, kuna haja ya kuua bakteria wasiopenda oksijeni, ikiwa maambukizi hayakuanzia tumboni?

Hilo la mwisho linabishaniwa sasa hivi. Watafiti wa Michigan walichunguza miaka ya 2014 hadi 2018, ambayo ndani yake kulikuwa na kipindi ambapo dawa iitwayo piperasilini-tazobaktamu iliadimika, madaktari wakalazimika kutumia sefepimu ambayo haiwagusi sana bakteria hao. Walipowalinganisha wagonjwa 7,569, waliopewa ile ya kwanza walikuwa na vifo vingi zaidi, tofauti ikiwa ni asilimia tano ndani ya siku 90. Lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2023, ambalo wagonjwa wake zaidi ya 2,500 waligawanywa kwa kura, lililinganisha dawa hizohizo likakuta hakuna tofauti ya vifo, na sefepimu ikaonekana kusumbua ubongo zaidi. Mtu akikuambia jambo hili limekwisha kuamuliwa, muulize amesoma utafiti upi kati ya hiyo miwili.

Kwa nini watoto wachanga hutajwa sana?

Kwa sababu utumbo wao ndio kwanza unapata wenyeji. Mtoto aliyezaliwa kwa njia ya kawaida na kunyonyeshwa hupokea bakteria kutoka kwa mama, na maziwa ya mama yana sukari za aina maalumu ambazo mtoto mwenyewe hazimeng'enyi. Zimewekwa kwa ajili ya bakteria wa jamii ya *Bifidobacterium*. Ni chakula ambacho mama humpikia mtoto na bakteria wake kwa pamoja, na sijui mfano mwingine ulio wazi kuliko huo. Mtoto njiti aliyelazwa, anayepewa antibiotiki na kuchelewa kunyonya, hupokea badala yake wakazi wa wodi, *Klebsiella* akiwa miongoni mwa wa kwanza.

Ushahidi mzito kuliko wote ulitoka Odisha, India, ukachapishwa mwaka 2017. Watoto wachanga zaidi ya 4,500, waliozaliwa vijijini na uzito usiopungua kilo mbili, waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa kwa siku saba bakteria *Lactobacillus plantarum* pamoja na sukari ya kuwalisha. Nusu walipewa unga usio na kitu. Katika miezi miwili ya kwanza, sepsisi au kifo vilitokea kwa asilimia 9 ya waliopewa unga mtupu na asilimia 5.4 ya waliopewa bakteria. Matibabu hayo yalikuwa ya gharama ndogo sana. Hata maambukizi ya kifua yalipungua, jambo ambalo watafiti wengi hawakulitarajia.

Tahadhari ni kwamba hao walikuwa watoto wazima wa kijijini, wakinyonya. Uingereza, jaribio lililochapishwa mwaka 2016 kwa njiti 1,315, kwa kutumia aina nyingine ya bakteria, halikuonyesha faida. Katika Kaunti ya Homa Bay, Kenya, watafiti nao wamejaribu michanganyiko ya aina hii kwa watoto wachanga ili kuona kama utumbo wao hujengeka vizuri zaidi. Bakteria wa chapa moja, kwa mtoto wa aina moja, hawathibitishi chapa nyingine kwa mtoto mwingine.

Basi ndugu yangu aliye kwenye mashine ya kupumulia, nimnunulie vidonge vya probiotiki?

Probiotiki ni bakteria hai wanaomezwa kwa ajili ya afya. Usimpe chochote bila daktari wake kujua. Jaribio kubwa la mwaka 2021, lililofanywa Kanada, Marekani na Saudia kwa wagonjwa 2,650 walio kwenye mashine, liliwapa nusu yao *Lactobacillus rhamnosus*. Nimonia ilitokea kwa asilimia 21.9 ya waliopewa na asilimia 21.3 ya wasiopewa, maana yake hakukuwa na faida. Wagonjwa 15 katika kundi la kwanza walikutwa na bakteria huyohuyo wa kidonge kwenye damu au mahali pengine pasipotakiwa kuwa na bakteria, dhidi ya mmoja tu katika kundi la pili.

Habari ya Uholanzi ni nzito zaidi. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 296 wenye uvimbe mkali wa kongosho. Waliopewa mchanganyiko wa probiotiki walikufa kwa asilimia 16, wengine asilimia 6, na tisa katika kundi la kwanza utumbo wao ulikosa damu na kuoza, hali ambayo haikutokea hata kwa mmoja wa kundi la pili. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya madaktari baada ya mtoto njiti kufariki kwa maambukizi ya bakteria waliotoka kwenye bidhaa ya probiotiki. Bakteria mzuri huwa mzuri akiwa upande wake wa ukuta.

Je, kuna njia ya kuwaua wabaya tu na kuwaacha wazuri?

Waholanzi wamejaribu hivyo kwa miaka mingi: mgonjwa hupakwa mdomoni na kutiwa kupitia mpira wa tumboni antibiotiki zisizofyonzwa, zinazolenga *E. coli* na jamaa zake pamoja na fangasi, na kuwaacha wasiopenda oksijeni. Utafiti wao wa mwaka 2009, wenye wagonjwa karibu 6,000, ulionyesha vifo kupungua kwa asilimia kama tatu na nusu. Kwingine Ulaya, kwenye hospitali zenye usugu mwingi wa dawa, faida hiyo haikuonekana. Australia mwaka 2022 ilikuta vifo asilimia 27.0 dhidi ya 29.1, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kutoa uamuzi. Mahali ambapo usugu umekwisha kuenea, sidhani kama inafaa kuanza na njia hii.

Na kupandikiza kinyesi?

Njia hii huchekesha watu mpaka waone matokeo yake. Kinyesi cha mtu mwenye afya aliyepimwa huchujwa na kuingizwa kwenye utumbo wa mgonjwa. Kwa ugonjwa wa kuharisha unaoletwa na *Clostridioides difficile* baada ya antibiotiki, utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2013 uliponya wagonjwa 13 kati ya 16 kwa mara moja tu, na Marekani imekwisha kuidhinisha bidhaa mbili, mwishoni mwa 2022 na mwaka 2023, moja ikiwa ya kumeza.

Kwa sepsisi, zipo taarifa za mgonjwa mmojammoja, baadhi kutoka China, waliopata nafuu dawa nyingine ziliposhindwa. Taarifa za namna hiyo hufungua mlango wa utafiti, hazifungui duka. Mwaka 2019 wagonjwa wawili Marekani walipata *E. coli* sugu kwenye damu kutoka kwa kinyesi cha mchangiaji mmoja ambacho hakikupimwa usugu huo, na mmoja wao alifariki.

Mgonjwa alishwe au utumbo upumzishwe?

Alishwe, hali ya mzunguko wa damu ikishatulia. Zamani utumbo ulipumzishwa. Leo inajulikana kuwa utumbo usiopitisha chakula hunyauka. Mwongozo unapendekeza kuanza ndani ya saa 72 kwa anayeweza kulishwa. Anayetazama kitandani huona jambo dogo sana: muuguzi anainua kichwa cha kitanda, anahakikisha mpira wa puani uko tumboni, anaunganisha bomba la sindano lisilo na kisukumio, anamimina maziwa au uji laini na kuuacha ushuke wenyewe, kisha anasuuza mpira kwa maji. Mililita ishirini hazishibishi mtu. Zinafika kwenye ule mstari mmoja wa seli.

Pale ambapo shinikizo bado linashikiliwa kwa dozi kubwa za dawa, kuharakisha kuna hatari. Jaribio la Ufaransa la mwaka 2018, lenye wagonjwa 2,410, lilikuta kulisha mapema kwa mpira hakukupunguza vifo, na waliokosa damu utumboni walikuwa wengi zaidi.

Afrika Mashariki ina upekee gani katika jambo hili?

Upo, na naona haujaandikwa vya kutosha. Kilifi, katika pwani ya Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa watoto waliokuwa na bakteria kwenye damu tangu wanafika walikuwa asilimia 26 ya vifo vya watoto hospitalini hapo, zaidi ya malaria iliyokuwa na asilimia 22. Wazazi wengi hadi leo huwaza malaria kwanza. Tena magonjwa haya hushirikiana: malaria kali huziba mishipa midogo ya utumbo, na *Salmonella* hupata njia.

Utapiamlo mkali hupunguza urefu wa vinyweleo vya utumbo na kuufanya ukuta uvuje. Virusi vya UKIMWI humaliza askari wa kinga walio kwenye ukuta huohuo mapema kabisa, na vipande vya bakteria huonekana kwenye damu ya mgonjwa ambaye bado hajaanza dawa. Homa ya matumbo isiyotibiwa huweza kuutoboa utumbo mdogo. Hapo mjadala wa ute na butireti hauna nafasi, ni chumba cha upasuaji.

Majibu rahisi nayo hayajafaulu. Kenya, watoto 1,778 waliotibiwa utapiamlo mkali walipewa antibiotiki ya kotrimoksazoli kila siku au dawa tupu, na vifo havikutofautiana. Jaribio la azithromisini mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa Niger, Malawi na Kilosa nchini Tanzania, lililotangazwa mwaka 2018, lilipunguza vifo kwa asilimia 13.5 kwa jumla, ila nafuu kubwa ilikuwa Niger, na Kilosa ilikuwa ndogo mno. Hata dripu ilitufundisha: mwaka 2011, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania walionyesha kuwa kumimina maji mengi kwa haraka kwa mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu huongeza vifo. Kilichofaa Ulaya kinatakiwa kupimwa hapa kabla ya kuandikwa kwenye mwongozo wetu.

Mtindi, maziwa lala na togwa vinakinga sepsisi?

Hakuna aliyeonyesha hivyo. Kilichoonyeshwa, katika utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999, ni kwamba watoto wadogo waliokunywa togwa kila siku walikuwa na vijidudu vichache vya kuharisha kwenye choo chao. Uchachu wa togwa huzuia vijidudu kuzaliana kwenye uji unaokaa tangu asubuhi hadi jioni, na kwa nyumba isiyo na jokofu hiyo ni faida ya kutosha. Mtu mzima mwenye afya anywe apendavyo. Mgonjwa aliyetoka kupandikizwa uboho au mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu amuulize daktari kwanza.

Baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali, hatari imekwisha?

Bado. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2015 juu ya wazee waliotoka hospitali ulikuta kuwa katika siku 90 za mwanzo sepsisi kali iliwapata mara tatu zaidi ya nyakati nyingine. Na waliokuwa wamelazwa kwa *C. difficile*, ugonjwa unaoashiria utumbo uliopukutika, walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 70 kuliko waliolazwa kwa maambukizi mengine. Utumbo huhitaji majuma, pengine miezi, kurudisha wenyeji wake, na baadhi hawarudi.

Katika kipindi hicho mgonjwa ale maharage, mboga za majani, matunda, ugali wa dona na vyakula vingine vyenye nyuzinyuzi kadiri tumbo linavyovipokea, na asinunue antibiotiki dukani kwa kila mafua. Dawa ya kupunguza asidi iliyoanzishwa wodini iulizwe kama bado inahitajika, kwa maana mara nyingi huendelea kwa miezi kwa sababu tu hakuna aliyeisimamisha. Karatasi ya kuruhusiwa, yenye majina ya antibiotiki alizopewa na siku alizozitumia, iwekwe pamoja na kadi ya kliniki: homa ikirudi ndani ya hizo siku 90, ndiyo karatasi ya kwanza ambayo daktari wa zamu atataka kuiona.